Kofia ya Foili na Waya wa Ardhi

Nililivalisha boga kofia, nikawasha kipimo, nikasubiri.

Boga lilikuwa la Mama Chengula, muuza chipsi wa getini. Nililikata juu, nikakomba mbegu, nikalijaza uji mwepesi wenye chumvi, maana mbele ya mawimbi ya redio kichwa cha mtu na uji wa chumvi havitofautiani sana. Ndani ya uji nikazamisha punje mpya, kile kidude kidogo ambacho kila mfanyakazi wa Bandari Kavu ya Igomba amewekewa nyuma ya sikio la kushoto siku aliyoajiriwa. Ningekuwa na nguvu ningecheka. Mwanamke mzima, fundi wa mnara, naongea na boga lililovaa foili ya kufungia chipsi! Lakini kucheka nako ni kazi, na nguvu niliyokuwa nayo asubuhi ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mnara.

"Soma," alisema Bwana Ngailo, meneja wetu. Alikuwa ameegemea mlango wa karakana kwa sababu kusimama wima kulikuwa kumemshinda.

"Bila kofia, wimbi linaingia kama kawaida. Kwa kofia tupu, linapungua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kujidanganya."

Nikauchukua ule waya mwembamba wa shaba ulioning'inia kisogoni mwa kofia, nikaunyoosha ukagusa sakafu, kama wanavyouvaa wafanyakazi. Mshale wa kipimo ukapanda. Nilirudia, nikarudia tena, kwa kuwa mtu aliyechoka hajiamini. Kila mara mshale ulipanda palepale, juu kuliko ulivyokuwa kwa boga lisilovaa kitu.

Bwana Ngailo alifumba macho. Akacheka kwa pua. "Kwa hiyo wanajivutia wenyewe."

"Wanajivutia wenyewe, na hawajui."

Wimbi lile tunaliita mkesha. Mnara ukilirusha, punje inalisikia, nayo inauambia ubongo kwamba usingizi bado. Husikii uchovu, mikono haiwi mizito, unabeba zamu mbili huku unapiga mluzi. Miaka ya mwanzo mkesha uliishia getini. Ukivuka kilima kwenda kwako, wimbi linakufia njiani nawe unalala kama mtu yeyote. Kisha shaba kutoka ng'ambo ya mpaka ikaongezeka, treni zikafuatana, Kampuni ikaongeza nguvu ya mnara ili mtu akiitwa kutoka nyumbani afike akiwa macho tayari. Mimi ndiye niliyepanda juu kubadilisha antena, nikiwa na karatasi ya amri mfukoni. Tangu hapo hata kitandani kwako ng'ambo ya kilima wimbi linakupapasa. Unasinzia tu, kulala hulali.

"Jumamosi," alisema Bwana Ngailo, "utaliweka boga hili mbele yao uwanjani. Waone kwa macho yao kofia haizuii. Ukimaliza hapo umemaliza. Wakikuuliza kinachozuia ni nini, hujui."

"Najua."

"Hujui, Dada Bestina." Hakupandisha sauti. Naye alikuwa na punje, mameneja hawakusamehewa, na chini ya macho yake palikuwa peusi kama palivyo kwangu. "Nisikilize. Mtu amekaa kwenye kreni, kontena linaning'inia, chini wanapita watu. Akijikinga na mkesha kweli kweli, na usingizi wote huo anaodaiwa, atachukua muda gani kuanguka?"

"Dakika chache."

"Basi niambie wewe unataka kontena limwangukie nani."

Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba hakuwa akisema upuuzi.

*

Kibanda cha Mama Chengula kiko nje ya geti, na upepo wa Igomba haukosi hapo hata jua likiwaka. Kofia zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba juu ya karai la mafuta, zinameta na kugongana.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, mwanangu. Boga limeiva?"

"Halijaiva, limesoma."

Alinitazama kwa macho ya mtu anayejua hatapenda atakachoambiwa, akaendelea kugeuza chipsi. Kofia hizo haziuzi, anagawa. Zilianza pale foili ilipobaki siku moja, akamfunga nayo kichwa dereva mmoja kwa utani, na dereva akasema amesikia nafuu. Waya ulikuja baadaye. Huku kwetu nyanda za juu radi haina mchezo. Kila nyumba ya bati ina waya wa shaba unaoshuka ukutani hadi ardhini, na mtoto wa chekechea anajua kwamba bati lisilo na ardhi linaua. Kwa hiyo watu walipojivika bati kichwani, wakaliwekea ardhi. Waya ukashuka mgongoni, ukaingia ndani ya buti la mpira. Ilionekana akili kabisa. Tatizo ni kwamba mkesha si radi. Waya mrefu mbele ya wimbi la redio hauna habari ya kupeleka kitu ardhini, unakuwa antena, na antena hiyo unaifunga kwenye kichwa chako mwenyewe.

Lukelo alifika akiwa ameivaa. Ni mume wa mdogo wangu Adelina, mwendesha kreni, mwembamba, mcheshi tangu siku ya posa. Adelina wakati huo alikuwa mjamzito. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu msimu wa shaba uanze, na nilipomwona nilishtuka. Shati lilikuwa limemzidi.

"Shemeji! Umekuja kula, au umekuja kuninyang'anya taji?"

"Nimekuja kukuona. Adelina anasema unalala nayo hiyo."

"Nalala nayo, naamka nayo. Ningeingia nayo kanisani, mchungaji kakataa."

Mama Chengula alimpa chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika mezani. Wote watatu tukajifanya hatujaona.

"Daktari kasemaje?" nikauliza.

"Moyo umetanuka. Anataka nilale. Nikamwambia, daktari wangu, nipe kwanza kitanda kisicho na mnara." Akapuliza chai. "Ndiyo maana navaa hii. Nikiivaa tu nasikia utulivu, mwili unakuwa mwepesi. Bila hii ningekuwa nimeshazikwa."

Nilimweleza. Sikuzunguka. Nikamwambia kwamba huko nyumbani kwake wimbi lina nguvu ndogo, na mtu aliye kichwa wazi angalau anaibia usingizi wa mang'amung'amu. Yeye na waya wake analikusanya lile lililobaki, analipeleka lote kwenye punje. Wepesi anaousikia ni mkesha umezidi, na uchovu uko palepale, ila punje imeuziba mdomo.

"Ivue, shemeji. Ukifika nyumbani ivue. Nakuomba."

Utani ukamtoka usoni, na bila utani alikuwa mzee.

"Ngailo kakutuma."

"Nimepima mwenyewe."

"Umepima kwa mtambo wa nani? Mnara ule nani aliupandishia nguvu, si wewe? Sasa tumepata kitu kimoja chetu, kimoja tu, unakuja kutuambia kinatuua." Akasimama, akaishika meza mpaka miguu ikatulia. "Sina ugomvi na wewe. Msalimie mdogo wako ukipita."

Aliondoka na kofia yake, waya unamfuata mgongoni. Nilitamani kulia, ila machozi hayakuja. Mkesha unaziba hata hayo.

"Mimi nilikuwa nawapa kitu cha kushika tu," Mama Chengula alisema taratibu. "Walikuwa wanakaa hapo wanaangalia ukuta. Chakula kinapoa, hawali."

*

Jumamosi walijaa uwanjani, katikati ya safu za makontena, wengi wakiwa na kofia zao. Niliwapangia boga juu ya meza. Kipimo nilikiunganisha na spika, ili wimbi likiongezeka mlio uongezeke, mtu asije akasema nimesoma namba zangu. Kreni zilikuwa zinaendelea kazi. Kampuni haikusimamisha treni kwa ajili ya boga.

Nilianza na kichwa wazi. Spika ikavuma.

Nikaweka kofia isiyo na waya. Mvumo ukapungua kidogo, na watu wakapiga makofi, wengine wakapeana mikono. Niliwaacha wafurahi kidogo kwa sababu nilijua kinachofuata.

Kisha nikaunyoosha waya hadi chini. Spika ikapiga ukelele, waliokuwa mbele wakaziba masikio. Niliutoa, nikaurudisha, nikautoa, nikaurudisha. Makofi yaliisha. Mmoja akavua kofia yake, akaigeuza, akaichungulia ndani kana kwamba kuna kitu kimejificha humo. Mama Chengula alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Bwana Ngailo alipanda kwenye kreti. "Mmeona wenyewe. Fundi wetu hana sababu ya kudanganya. Tuvue haya mambo, turudi kazini."

"Subiri, Bosi," Mama Chengula alisema. Hakuwa mfanyakazi wa bandari, na hakuna aliyemkumbusha. "Mimi nimewavisha watoto wa watu vitu vya kuwamaliza. Nimeona, nimekubali. Basi nataka kujua. Kama hii haizuii, kinachozuia ni nini?"

Bwana Ngailo alinitazama. Alitikisa kichwa kidogo sana.

Nilikuwa nimelifikiria jibu tangu siku ya boga, na kila nililofikiria lilikuwa na mtu aliyekufa mwishoni. Nikikaa kimya, Lukelo angekufa kitandani au njiani, na wengine baada yake, polepole, kila mmoja na mazishi yake na michango yake. Nikisema, kuna mtu angeenda kulala mahali pabaya na kuua asiyehusika. Mtu akilala vizuri labda angeona njia ya tatu. Mimi sikulala.

Redio koli iliyokuwa kiunoni mwangu ikakwaruza.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya Lukelo. Nikainua macho. Kreni yake ilikuwa juu ya vichwa vyetu, kontena likiwa hewani, na kwenye kioo cha kibanda chake nikaona foili ikimeta. "Nimesikia huo ukelele mpaka huku. Kwa hiyo ulisema kweli."

"Nilisema kweli, shemeji."

"Basi mjibu Mama. Kinachozuia ni nini?"

"Shuka kwanza."

"Nijibu, nitashuka."

"Tua mzigo, Lukelo. Tua mzigo, zima mashine, shuka ngazi. Ukikanyaga chini nitajibu. Na wenzako wote walioko juu, nao washuke. Sitafungua mdomo mtu yeyote akiwa na kitu hewani."

"Dada Bestina," alisema Bwana Ngailo, "treni iko njiani."

"Najua iko njiani."

Kreni ya Lukelo ilisita. Kisha kontena likaanza kushuka, likiyumba kuliko linavyopaswa kuyumba, na watu wakasogea nyuma bila kuambiwa. Lilipotua, nyingine nazo zikaanza kutua, moja baada ya nyingine, mpaka uwanja ukawa na ukimya ambao hatukuwahi kuusikia pale. Lukelo alishuka ngazi kwa kukumbatia kila chuma. Alifika mbele yangu, akashika ukingo wa meza.

"Haya," akasema.

"Kosa si la foili," nikasema, na sauti yangu ikasikika kote, maana hakukuwa na mashine. "Foili inazuia. Ila kofia ina mdomo wazi chini, na wimbi halishuki kutoka juu tu kama mvua. Linagonga ardhi, linagonga bati, linaingia kwa chini, na likiingia linazunguka humo humo. Kinachozuia ni chuma kilichokuzunguka pande zote, juu na chini, kikafungwa. Matundu madogo si neno. Tundu la ukubwa wa kidole linapitisha hewa, wimbi halipiti. Ufa mrefu ndio mbaya, hata uwe mwembamba vipi."

"Chuma cha pande zote," Lukelo alirudia, "kilichofungwa."

Aligeuka. Wote waligeuka. Safu za makontena zilikuwa zimetuzunguka kama zilivyokuwa zimetuzunguka miaka yote, na sisi tukizinyanyua, tukizipanga, tukizipakia kwenye treni.

Aliyeanza kucheka sijui ni nani. Halikuwa cheko la furaha.

*

Kontena tulilolichagua lilikuwa tupu, chini kabisa ya safu. Tulitoboa matundu ya hewa kwa drili, madogo, mengi, mbele na nyuma. Nikaingiza spika na kipimo ndani, tukafunga, na bado mlio ulisikika, hafifu, kwa sababu milango ya kontena ina mpira kwenye maungio, na mpira kwa wimbi ni ufa mtupu. Lukelo alielewa kabla sijamaliza kueleza. Akavua kofia yake, akaung'oa waya, akaanza kuichana vipande. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Tuliisokomeza foili kwenye maungio kuanzia juu hadi chini, tukafunga tena, na spika ikanyamaza.

Hapo ndipo tukakumbuka jambo ambalo kila mpakizi analijua. Kontena halina komeo la ndani. Anayefungwa anafungwa na mtu wa nje, na atatoka mtu wa nje akipenda.

Tuliangaliana. Waliotakiwa kuingia walikuwa wanne, wale ambao daktari alikuwa ameshawaonya, na waliobaki wote walikuwa wanatazama mlango ule kama wenye njaa. Sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilipoingia na spika, wakati mlango umefungwa kwa muda mfupi, nilisikia kitu nyuma ya sikio kikilegea. Ningelala juu ya mbao zile bila hata kuvua viatu. Nilitoka nikijivuta kwa kucha.

"Nani anakaa na ufunguo?" mmoja akauliza.

Lukelo alininyooshea kidole. "Huyu."

"Juzi ulisema nimetumwa."

"Juzi nilikuwa na antena kichwani, shemeji." Akajaribu kutabasamu. "Usifungue mpaka tugonge wenyewe. Hata aje nani."

Walijilaza juu ya maboksi na makoti. Nikavuta milango, nikashusha makomeo, nikapiga kufuli. Niligonga mara moja, Lukelo akagonga kunijibu. Nikasubiri kidogo, nikagonga tena. Kimya.

Sikuwa nimejiandaa kwa kimya kile. Moyo uliotanuka, uliozoea kusukumwa na mnara, umeachwa ghafla bila wa kuusukuma. Amelala au amekufa? Kufungua ili nijue kungekuwa kumrudishia mkesha wote kwa mpigo, na huo moyo usingeuhimili. Nilibaki na ufunguo mkononi, jasho likinitoka kwenye upepo wa baridi, nikimuwaza Adelina na mimba yake. Kisha nikabandika sikio kwenye chuma.

Alikuwa anakoroma, kwa nguvu na bila aibu, na wa pili akimwitikia.

Niliketi kwenye kreti. Wengine walikuwa wameshatawanyika. Baadhi walikivuka kilima kichwa wazi, baadhi walibaki kando wakibishana nani alale kesho na nani amlinde. Bwana Ngailo alikuja peke yake, tai imelegea, redio koli ikimpigia kelele mkononi.

"Treni iko getini. Makao makuu wanataka kujua kwa nini kreni zimesimama. Fungua, Bestina."

"Nikifungua sasa, Lukelo hatoki mzima."

"Nitatuma watu wakate kufuli."

"Watume. Waambie wenyewe watakachokiua humu."

Akasogea mlangoni, nadhani alitaka kugonga. Mkono ukaishia hewani. Alikuwa amesikia. Akainama, akaweka sikio kwenye chuma kama nilivyoweka mimi, akakaa hivyo muda mrefu, macho yamefumba, mdomo umeachama kidogo. Redio ikaendelea kumwita. Akaizima.

"Anakoroma hivi siku zote?"

"Mdogo wangu alikuwa analalamika."

Hakuondoa sikio. Nilipomtazama niliona machozi yamejaa machoni yasiyoshuka, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale nilimwona kama mtu mwenye kitanda mahali fulani, na mke, na dari anayoitazama.

"Kuna nafasi humo?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Ya kulala hakuna," nikamwambia. "Ya kukesha ipo."

Nikajisogeza kando kwenye kreti, nikampisha. Alikaa, mabega yetu yakagusana, sote wawili tukitazama barabara ambayo wakata kufuli wa makao makuu wangetokea. Mwili wangu wote ulikuwa unaomba nimwachie zamu na niende nikatafute kontena langu. Ufunguo sikumpa.